Sauti Isiyo na Shahidi

Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277 wa Miladi, kitabu ambacho makadhi wa pwani yetu wa madhehebu ya Shafii wamekitegemea kizazi baada ya kizazi, yamo mas'ala ndani ya mlango wa diya (fidia ya damu na majeraha) ambayo wanafunzi huyapitia kwa haraka, kwa kuwa mlango wenyewe hauhukumiwi tena katika mahakama zetu za kadhi, ambazo kazi yake imebakia katika ndoa, talaka na mirathi. Mas'ala yenyewe ni haya: mtu amepigwa, naye adai kwamba kwa pigo lile kusikia kwake kumeondoka. Sikio liko mahali pake, jeraha la kuonekana halina, na kilichopotea ni ile maana iliyokuwa ndani yake, ambayo hakuna jicho liwezalo kuiona wala mkono uwezao kuishika. Kadhi afanye nini? Fukahaa wakajibu kwamba mdai apigiwe ukelele akiwa amelala au ameghafilika. Akishtuka, dai lake ni la uongo, na asiposhtuka ataapishwa, kisha apewe diya yake. Na ikiwa dai ni kwamba kusikia kumepungua katika sikio moja, basi sikio hilo lizibwe na ujulikane mwisho wa masafa ambayo lile zima lasikia, kisha lizibwe zima na kupimwa bovu, na haki yake ikadiriwe kwa tofauti ya masafa mawili hayo.

Nimeyafikiri sana mas'ala haya kila nionapo watu wa Mji wa Kale wa Mombasa, wazee kwa vijana, wakienda kupimwa masikio katika hospitali za mjini, wakarejea na karatasi yenye mistari miwili mikononi, na wengine wakarejea na malalamiko ambayo karatasi ile haikuyataja hata kwa nukta moja. Kwani mitambo imezidi, na vipimo vimekuwa vya insafu kupita alivyoweza kuvidhani fakihi yeyote wa Sham au wa Misri, lakini kiini cha jambo kimebakia palepale alipokiacha Imamu: mtu adai habari ya ndani ya nafsi yake, nasi tulio nje twatafuta njia ya kumsadiki bila ya kudanganywa, na ya kumpima bila ya kumdhulumu.

Kisiwa chetu cha Mvita hakikuwa kimya hata zamani, na mji ambao Msikiti wa Mandhry umesimama ndani yake tangu mwaka 1570 haukosi kuzoea sauti. Lakini sauti za leo ni za namna nyingine. Upande wa bandari ya Kilindini yako makreni, winchi na injini zisizolala. Katika karakana iko misumeno ya umeme. Na katika njia zetu nyembamba, ambapo kuta mbili za mawe hurudishiana mlio, zapita tuktuki na pikipiki mchana kutwa. Sheria ya Kenya, katika kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele za kazini, imeweka mpaka wa desibeli 90 kwa muda wa saa 8, na asiyeijua hesabu ya desibeli huenda akadhani 93 ni zaidi kidogo tu ya 90, ilhali nguvu ya sauti huwa imeongezeka maradufu. Katika koklea, kile kijumba cha sikio la ndani kilichojipinda kama konokono, mna seli zenye vinyweleo zipatazo 3,500 za safu ya ndani na 12,000 za safu ya nje, na hizo ndizo zigeuzazo mtetemo kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Kwa mwanadamu, iliyokufa haioti tena. Si kelele peke yake iziuayo. Wako walioponywa kifua kikuu kwa sindano za streptomaisini, wakapona kifua na kupoteza masikio. Na wazee waliokunywa kwinini kwa ajili ya homa ya malaria waujua vyema ule mvumo uingiao masikioni dawa inapokolea, ambao kwa kawaida huondoka dawa ikiachwa, lakini kwa siku zile chache humfunza mtu kwamba sauti yaweza kuwako pasipo na mwenye kuipiga.

Mtaalamu wa masikio huanza kwa kutazama, kwani mara nyingine ni nta tu iliyoziba njia. Kisha, akiwa ni wa desturi ya zamani, hutoa uma wa chuma wenye meno mawili utetemao mara 512 kwa sekunde, ambao Wajerumani wawili, Weber mwaka 1834 na Rinne mwaka 1855, walionyesha matumizi yake: kwa njia ya Rinne, mtaalamu huusimamisha juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio mpaka mgonjwa aseme mlio umekwisha, papo hapo huuleta mbele ya tundu la sikio, na mgonjwa akiusikia tena, yajulikana kwamba njia ya hewa ni salama, na kama uko upungufu, asili yake iko ndani zaidi. Nacho ni kipimo kizuri, cha gharama ndogo, na naona vibaya kwamba kimeanza kudharauliwa.

Kipimo kikubwa, hata hivyo, ni kile cha chumba kidogo kisichopitisha sauti. Mgonjwa huketishwa humo, akavikwa spika za masikioni, akapewa kidude cha kubonyeza, na milio hutumwa mmoja mmoja, sikio hili kisha lile, kuanzia mitetemo 250 kwa sekunde hata 8,000. Kabla ya mlango kufungwa hupita maneno machache, ambayo hurudiwa kila siku na hakuna ayatiaye maanani.

"Babu, kila usikiapo mlio, hata ukiwa mdogo namna gani, bonyeza hapa."

"Na nikidhani tu, mwanangu, nisiwe na yakini?"

"Ukidhani pia, babu, bonyeza."

Hapo ndipo ilimu ya tabibu ilipokutana na ilimu ya usuli bila ya wenyewe kujuana. Imamu Juwayni, mwalimu wa Ghazali, aliyefariki mwaka 478 wa Hijra, alipambanua katika kitabu chake Waraqati baina ya ilimu, dhana na shaka: dhana ni mtu kuona mambo mawili yawezekana, na moja limemdhihirikia zaidi, na shaka ni kuyaona mawili yakiwa sawa, hakuna lililolishinda jingine. Basi tazama jinsi mstari wa karatasi ile uchorwavyo. Mgonjwa akijibu, mlio hupunguzwa kwa desibeli 10. Akinyamaza, hupandishwa kwa desibeli 5. Hupunguzwa tena na kupandishwa tena, hata ipatikane daraja ya chini kabisa ambayo, katika kupandishwa huko, aliijibu angalau nusu ya mara alizosikilizishwa. Daraja hiyo ndiyo iitwayo kizingiti cha kusikia. Hakikuwekwa pale ambapo mtu asema nasikia bila ya kusitasita, wala pale ambapo asema sisikii kabisa, bali katikati, mahali ambapo ndiyo na la zimekaribia kulingana. Yaani mpaka wa kusikia kwa mwanadamu, uandikwao kwa tarakimu na kupigwa muhuri wa hospitali, umewekwa juu ya shaka, na hauna mahali pengine pa kuwekwa. Na shaka yenyewe haijulikani ila kwa kidole cha mwenye kushuku.

Na sifuri ya mizani hiyo si kimya. Ni wastani wa vizingiti vya vijana wazima wa masikio, na ndiyo sababu wapo wasikiao hata chini ya sifuri. Katika Minhaji iko kauli, ambayo Imamu aliileta kwa namna ya kuidhoofisha, kwamba aliyepungukiwa na kusikia alinganishwe na mwenziwe wa umri wake aliye mzima. Kauli yenye nguvu kwake ilikuwa kwamba, kiwango kisipojulikana, kadhi akadirie kwa ijtihadi yake. Yanishangaza kwamba kauli iliyoachwa nyuma na fukahaa ndiyo iliyochukuliwa na wapima masikio wa karne ya ishirini, na sidhani kwamba kwa hivyo kauli ile nyingine imebatilika, kama nitakavyoeleza.

Ama waongo, wamewekewa mitego yao, na ule ukelele wa ghafula umepata mrithi. Iko mbinu iitwayo ya Stenger, iliyojengwa juu ya tabia moja ya ajabu ya viumbe: mlio wa namna moja ukipelekwa katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, mtu husikia upande ulio na nguvu zaidi tu, na upande wa pili huwa kama haupo. Basi adaiye kwamba sikio lake la kushoto limekufa hupelekewa mlio mkubwa kushoto na mdogo, lakini wa kusikika, kulia. Mkweli atajibu, kwa kuwa kulia asikia. Mwongo, ambaye kushoto kwamjaa sauti na kulia hakumfikii, atanyamaza ili asijifichue, na kunyamaza kwake ndiko kumshitakiko. Viko na vipimo visivyomwuliza mtu neno. Mwaka 1978 David Kemp wa London alithibitisha kwamba sikio zima halipokei sauti tu bali hutoa sauti ndogo ya kwake, iwezayo kunaswa kwa kinasa sauti kiwekwacho tunduni, na kwa njia hiyo hupimwa leo watoto wachanga ambao hawajui kubonyeza wala kuapa. Lakini kipimo cha namna hii hutupa habari ya chombo, hakitupi habari ya mwenye chombo. Chasema kwamba seli zafanya kazi. Hakisemi ni nini kisikiwacho.

Kumfichua mwongo, basi, si kazi ngumu. Kazi ngumu ni ya mkweli wa namna ya pili, yule ambaye hakuja kudai kwamba hasikii kilichopo, bali kwamba asikia kisichokuwapo. Masikio yake yavuma. Mmoja husikia firimbi, mwingine mvuke utokao katika birika, mwingine nyenje wa usiku, na sauti hiyo haimwachi katika sala wala kitandani. Matabibu huiita tinitasi. Mara chache, mshipa wa damu ulio karibu na sikio huwa ndio upigao, na tabibu akiweka kipimo chake cha kifua shingoni husikia naye; huyo mgonjwa amepata shahidi wa pili, na achunguzwe mishipa yake. Wengi hawana shahidi. Mtaalamu hufanya awezalo: humpigia milio mbalimbali na kumwuliza ni upi ulio mfano wa ule wa ndani, akaupandisha kidogo kidogo hata ulingane nao kwa nguvu, na mara nyingi hupatikana jambo la kutatanisha, kwamba sauti ile iliyomnyima mtu usingizi kwa miaka yalingana na mlio uliopita kizingiti chake kwa desibeli chache tu, mlio ambao mwingine asingeujali.

Pengine aliyeko nje atasema kwamba mtu huyu ametia chumvi. Nami nasema kwamba hukumu hiyo ni dhuluma, na sababu yake ni kuchanganya kadiri ya sauti na kadiri ya madhara. Waliotunga, mwaka 1996, ile orodha ya maswali 25 itumiwayo na wataalamu wa tinitasi waliijua tofauti hiyo, wakauliza habari ya usingizi, ghadhabu, hofu, na uhusiano wa mtu na jamaa zake.

Lakini liko swali lililo chini ya hilo, nalo ni la hikima kabla ya kuwa la tiba: je, mtu huyu asikia kweli, au asikia uongo? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake cha kujiokoa na upotevu jinsi alivyofika mahali pa kutoziamini hisia zake. Aliona kwamba jicho laona kivuli kimesimama, na baada ya saa moja hujulikana kwamba kilikuwa chaenda muda wote. Na nyota jicho huiona kadiri ya dinari, na dalili za hesabu zathibitisha kwamba ni kubwa kuliko ardhi. Yeye alichagua mifano ya jicho. Ningependa angechagua sikio, kwa kuwa hapa fumbo ni zito zaidi: jicho katika mifano ile limekosea kadiri ya kitu kilichopo, na sikio livumalo laleta kitu kizima ambacho nje hakipo. Chumbani mle mtu yule yule ana shaka juu ya mlio ulioko, naye ana yakini juu ya mlio usiokuwako. Yakini na shaka zimebadilishana mahali, na lau tungehukumu kwa nguvu ya hisia peke yake, tungeandika kwamba kisichopo ndicho kilicho na haki zaidi ya kuwapo.

Jawabu langu ni kwamba sikio hilo halikusema uongo. Limetoa ushahidi wa kweli, nasi tumeufasiri visivyo. Wengi wavumao masikio wamepungukiwa na kusikia, na sauti ya ndani kwa kawaida huangukia katika ile ile milio ambayo wameanza kuipoteza. Wataalamu wengi waonelea kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka upande fulani, huongeza nguvu ya kusikiliza upande huo, hata ukaanza kusikia harakati za mishipa yake yenyewe. Basi mvumo ni habari, na habari yake ni hasara iliyotokea ndani. Kosa letu ni kuitafuta ukutani au barazani. Kama vile akili ilivyolisahihisha jicho kuhusu nyota bila ya kuling'oa, ndivyo ilimu ilisahihishavyo sikio bila ya kumwita mwenyewe mwongo. Mwaka 1953, Heller na Bergman wa Marekani waliwatia watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichoingiwa na sauti, na 94 kwa mia wakasema wamesikia kitu: mvumo, mlio, mfano wa mdudu. Kimya kitupu, kwa mwanadamu aliye hai, ni jambo alidhanilo, hajapata kulisikia.

Watu wetu wana fasiri zao. Husemwa kwamba sikio likilia yuko mtu akutajaye, na wengine hutofautisha la kulia na la kushoto, kheri na shari. Husimuliwa pia hadithi kwamba likilia, mtu amsalie Mtume. Na mwanachuoni Ibn al-Jawzi ameihesabu miongoni mwa zilizozuliwa, wengine wakampinga. Kumsalia Mtume ni jambo jema kila saa, wala halingoji sikio kulia. Ninalolichukia ni lile la tatu, la kumpeleka mwenye mvumo kwa mganga ili atolewe jini, miezi ikapita, na huku sikio lililoziwika ghafula, ambalo lingehitaji tabibu ndani ya siku chache, likapoteza nafasi yake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake 1947, alianza kuandika hapa Mombasa katika Sahifa na kisha katika Al-Islah, mwaka 1930 na 1932, akiwahimiza Waislamu washike ilimu na kuacha khurafa, na mimi naona kwamba katika jambo hili la masikio bado hatujamsikiliza vya kutosha.

Watoto wa vyuoni huhifadhi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, na kusikia ni mojawapo, wakafundishwa kwamba Yeye husikia bila ya sikio, bila ya upande, bila ya chombo. Maulama wa njia ya Imamu Sanusi wameongeza jambo ambalo wengi hulikariri bila ya kulitafakari: kwamba kusikia Kwake hakukufungika kwa sauti tu, bali kwahusika na kila kilichopo. Nikilileta hilo katika mas'ala yetu, naona kwamba mvumo ule, uliokosa shahidi katika Ngome na Kibokoni na ulimwengu mzima, haukukosa Msikiaji. Kwa kuwa ni jambo lililopo, limepitika ndani ya mja, na Kwake hakuna kizingiti wala nusu ya mara. Lakini naogopa faraja hii isije ikatumiwa vibaya, mgonjwa akaambiwa, Mungu akusikia, basi subiri, akafungiwa mlango wa tiba. Kwani tiba ipo ingawa haimalizi: vifaa vya kumrudishia milio aliyoipoteza, sauti laini ya pembeni wakati wa kulala, mazungumzo ya kuufundisha moyo kutoushughulikia mvumo, na wengi hupata nafuu kwa hayo.

Sasa narejea kwa Imamu na ile kauli yake yenye nguvu, kwamba kiwango kisipojulikana, ni juu ya kadhi kukadiria kwa ijtihadi. Mvumo hauna masafa ya kupimwa wala mstari katika karatasi, na fundi wa Kilindini aombaye fidia ya masikio huulizwa desibeli ngapi zimepotea, akalipwa kwa hesabu hiyo, na usingizi wake ukaachwa nje ya hesabu. Fukahaa hawakuuacha nje udhia wa ndani kwa sababu tu haukuonekana. Walimjaribu mdai kwa njia waliyoiweza, na jaribio lilipokwisha wakakubali yamini yake, wakaifanya hoja. Naonelea tabibu wa leo, akisha kumaliza milio yake na mitego yake, aandike mvumo huo katika cheti kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na mwenye kuhukumu fidia aukadirie, kama alivyowajibishwa kadhi kuukadiria upungufu ambao kipimo chake hakikuufikia.